Bustani ya Maurecourt: Historia ya Picha Moja ya Berthe Morisot

Mwaka 1874 mchoraji Mfaransa Berthe Morisot alichora picha iitwayo La Chasse aux papillons, yaani Kuwinda Vipepeo, ambayo leo imehifadhiwa katika Musée d'Orsay mjini Paris. Humo anaonekana mwanamke kijana amesimama bustanini, mkononi ana wavu wa kukamatia vipepeo, na watoto wako karibu naye. Mtazamaji wa haraka huiona kuwa ni sifa ya umama na utulivu. Historia yake yaeleza mengi zaidi.

Mwanamke huyo ni Edma, dada mkubwa wa Berthe, pamoja na binti zake huko Maurecourt. Edma naye alikuwa mchoraji. Wote wawili walifundishwa na Camille Corot, na mwaka 1864 walionyesha kazi zao katika Salon, yaani maonyesho rasmi ya Paris. Mwaka 1869 Edma aliolewa na ofisa wa jeshi la majini, akaacha uchoraji. Basi katika picha hii aliyebaki na brashi amemchora aliyeiweka chini.

Kwa nini Morisot alichora mno mama na watoto bustanini? Wahakiki wengi wa zamani walitaja moyo wa kike. Jibu lenye nguvu zaidi limo katika desturi za tabaka lake. Mwanamke wa jamaa yenye mali hakuweza kuketi peke yake katika mikahawa ya Paris, ambamo Manet na Degas walipata mada zao. École des Beaux-Arts, chuo cha sanaa cha serikali, hakikuwapokea wanawake hadi mwaka 1897. Bustani ya jamaa ilikuwa mahali alipoweza kufanya kazi nje bila lawama, na humo alitafuta jambo lile lile walilolitafuta wenziwe: mwanga wa jua ubadilikao kila saa.

Mwaka huo huo 1874 kundi lililokuja kuitwa Waimpresionisti lilifanya maonyesho yake ya kwanza. Katika orodha ya washiriki 30 hivi, Morisot alikuwa mwanamke pekee. Hata hivyo, alipofariki mwaka 1895, cheti chake cha kifo kiliandikwa kwamba hakuwa na kazi.

Cheti hicho na picha hiyo vyafaa kusomwa pamoja. Karani aliandika kile ambacho jamii yake ilikubali kukiona. Turubai imehifadhi kazi yenyewe.