Utando, mteremko na robine za Uvira

Mwaka 1748 mwanafizikia Mfaransa, Jean-Antoine Nollet, alijaza pombe kali katika kichupa, akakiziba kwa kibofu cha nguruwe na kukizamisha majini. Maji yakapenya upesi kuliko pombe ilivyotoka, kibofu kikafura. Mwaka 1866 mkemia Thomas Graham akaonyesha kwamba hata mpira usio na tundu huchuja gesi: kila gesi huyeyuka ndani yake na kutokea upande wa pili kwa mwendo wake, kaboni dioksidi ikiitangulia naitrojeni. Baada ya hapo, karibu na mwaka 1960, watafiti Loeb na Sourirajan huko California walitengeneza utando wenye ngozi nyembamba mno juu ya tabaka lenye matundu. Maji ya chumvi yakisukumwa kwa nguvu, upande wa pili hutoka maji matamu. Tangu Nollet, swali gumu limekuwa lile lile: nani atasukuma?

Ndiyo maana naona wanaotaka mitambo ya utando iletwe mjini Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika mashariki mwa Kongo, wameanzia pasipofaa. Maji ya REGIDESO, shirika la maji la serikali, hutoka mto Mulongwe, hutulizwa tope, huchujwa kwa mchanga, hutiwa klorini. Utafiti wa takwimu za mji huo za 2009 hadi 2014, uliochapishwa 2015, ulikuta kwamba siku ya robine kavu hufuatwa na ongezeko la wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kolera katika siku 12 zinazofuata. Ubovu wa chujio hauelezi jambo hilo. Robine ikikauka, bidoni zinashuka ziwani.

Wengine watajibu kwamba utando wa matundu ya mikromita 0.1 unazuia kijidudu cha kolera, chenye unene wa nusu mikromita hivi, hata bila umeme. Ni kweli, na hoja hiyo ina uzito zaidi katika vijiji vya milima ya Rurambo, juu ya Uvira, kuliko mjini. Maji yakishuka mita 10 ndani ya bomba lililojaa, yanapata msukumo wa karibu baa 1, ambao mara nyingi unautosha utando wa aina hiyo; kuondoa chumvi ya bahari hudai baa zaidi ya 50. Milimani, basi, mteremko wenyewe ni pampu. Shida ni tope la masika: lisipotulizwa kwanza kwenye tangi, matundu yanaziba, na utando usiosafishwa kwa kurudishiwa maji kinyumenyume hudhoofika haraka. Kabla ya kununua utando, kijiji kinahitaji tangi, na mtu anayelipwa kuutunza.