Reli Mbili na Mtandao Mmoja

Reli itokayo Tabora ilipita Shinyanga na kufika Mwanza mwaka 1928, na upana wake ni milimita 1,000. TAZARA, iliyokabidhiwa kwa Tanzania na Zambia mwaka 1976, ina upana wa milimita 1,067. Tofauti haifiki hata upana wa kiganja, lakini kwa ajili yake mzigo unaotoka reli moja kwenda nyingine hupakuliwa na kupakiwa upya pale Kidatu. Jambo kama hilo linavikabili vyuo vyetu katika mitandao ya waifai.

Chuo cha kawaida mkoani Shinyanga au Geita hakinunui vifaa vyote siku moja. Vya utawala vimeletwa na mradi, vya maktaba vimetoka kwa mfadhili, vya mabweni vimepatikana kwa zabuni ya bei nafuu. Kila kiwanda kina programu yake ya kusimamia vifaa vyake, lakini fundi ni mmoja. Mwanafunzi aliyekatikiwa na mtandao usiku wa kuamkia mtihani hana habari na majina ya viwanda.

Tatizo hili lina historia. Mwaka 1988 wahandisi wa intaneti walitoa itifaki iitwayo SNMP, lugha nyepesi ya kukiuliza kifaa chochote: u mzima? Umebeba mzigo kiasi gani? Ilikusudiwa iwe ya muda tu, ikisubiri itifaki kubwa ya mashirika ya kimataifa ya viwango. Ile kubwa ilikuwa nzito, haikuenea. Ile ya muda ndiyo inayotumika hadi leo. Matoleo yake ya awali yalipitisha nywila waziwazi, na mwaka 2002 toleo la tatu, lenye kulinda siri, likawa kiwango kamili.

Kiwango cha kwanza cha waifai kilitoka mwaka 1997. Kiliwezesha kompyuta ya kiwanda hiki kuzungumza na antena ya kiwanda kile, lakini hakikusema nani atazisimamia antena zote. Mwaka 2009 ikatolewa itifaki ya CAPWAP ili kuliziba pengo hilo, lakini viwanda viliendelea kufuata njia zao. Kampuni ya AirWave ya Marekani ilijipatia jina kwa programu ya kusimamia vifaa vya viwanda vingi. Mwaka 2008 ilinunuliwa na Aruba, ambayo yenyewe ni kiwanda cha vifaa hivyo. Na mwaka 2015 Aruba ikanunuliwa na Hewlett-Packard. Mwamuzi akawa mchezaji.

Mafunzo ninayoyapata mimi ni haya. Kuona ni kitu kimoja, kuamuru ni kingine. Kuona vifaa vyote mahali pamoja kunawezekana kwa programu huria kama Zabbix, iliyotolewa kwa umma mwaka 2001. Haidai ada ya leseni, ila inadai fundi aliyefundishwa. Kuamuru, yaani kubadili chaneli au kuweka toleo jipya, mara nyingi bado kunahitaji programu ya kiwanda chenyewe. Kwa hiyo chuo kichague programu moja ya kuona vyote, kisha kipunguze idadi ya viwanda polepole, jengo kwa jengo, bila kuchanganya ndani ya jengo moja.

Zabuni nazo zitaje SNMP toleo la tatu, na zidai bei ya leseni kwa miaka mitano, maana viko vifaa ambavyo leseni ikiisha huacha kazi. Tena tuulize: programu ikiwa iko ng'ambo, siku njia ya intaneti inapokatika, fundi ataona nini?

Kabla ya yote hayo, kila kifaa kiandikwe: kiko wapi, ni cha kiwanda gani, kilinunuliwa lini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hilo halina leseni, na kazi yake inaweza kuanza kesho asubuhi.