Nani Aliyeuona Moyo wa Ardhi?



Hebu jiulize ukiwa wangojea adhana ya Maghrib: chini ya miguu yako kuna nini? Ukichimba kisima utapata udongo, mawe, kisha maji. Baada ya hapo je?

Hadi katikati ya dunia ni kama kilomita 6,371. Mwanachuoni wetu Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, alikadiria umbali huo kwa kupima pembe tu akiwa juu ya mlima, na akakaribia sana. Lakini kufika huko ni jambo jingine. Mwaka 1970 Wasovieti walianza kutoboa shimo huko Kola, kaskazini kabisa. Kufikia 1989 walikuwa mita 12,262 tu, na joto la nyuzi 180 likawashinda. Hata ganda la juu hawakulimaliza!

Basi tumejuaje? Kwa kusikiliza. Tetemeko likitokea, mawimbi yake hupita ndani ya ardhi na kurekodiwa na mitambo upande wa pili. Mengine huchelewa, mengine hupinda, mengine hayapiti kabisa penye umajimaji. Kwa njia hii Oldham, Mwingereza, alionyesha mwaka 1906 kwamba dunia ina kiini. Naye Mohorovičić wa Kroatia, kwa tetemeko la 1909, akatambua ganda linapoishia.

Kisha akaja mama mmoja wa Denmark, Inge Lehmann. Tetemeko la New Zealand la 1929 lilileta mawimbi dhaifu mahali yasipotarajiwa. Wengine waliyapuuza. Yeye, bila kompyuta, aliandika kumbukumbu zake kwenye vikadi akavipanga ndani ya maboksi. Mwaka 1936 akatoa jibu: ndani ya kiini kilichoyeyuka kuna kiini kingine. Ndipo tukapata picha ya leo: ganda, mwamba wa moto hadi kilomita 2,900, chuma kilichoyeyuka, halafu chuma kigumu kuanzia kama kilomita 5,150.

Sasa kijana mwenzangu, huenda umesikia ati sayansi imethibitisha matabaka saba kama ilivyo katika Suratut-Talaq, aya ya 12. Tuwe waangalifu. Wataalamu wengine huhesabu matatu, wengine manne, wengine zaidi, na wanazuoni wa tafsiri nao wametofautiana kuhusu aya hiyo. Ukiifunga imani yako kwenye hesabu ya kitabu cha shule, je, siku hesabu ikibadilika utafanyaje? Maneno ya Allah hayahitaji chumvi yetu.

Lehmann alitumia miaka kabla ya kusema neno moja. Sisi twasambaza habari kabla hata ya kuisoma! Saumu yafunza subira ya tumbo. Tuiongeze na subira ya ulimi. Tusome, tupime, ndipo tuseme.

Wallahu a'alam.