Nuru Iliyochora Ardhi ya Rungwe



Mwaka 2003 msanii mmoja, Olafur Eliasson, alitengeneza jua la bandia ndani ya jumba la Tate Modern, London. Aliweka taa nyingi katika umbo la nusu duara, akafunika dari kwa vioo ili ile nusu ionekane duara kamili, kisha akaeneza ukungu. Watu zaidi ya milioni mbili walikwenda kulitazama. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini sanaa hii ya nuru ina asili kongwe zaidi, na mfano wake ulionekana Tanzania bila ya taa hata moja.

Tarehe 1 Septemba 2016, kabla kidogo ya saa sita mchana, jua lilipatwa kusini mwa nchi. Pale Rujewa, wilaya ya Mbarali, mwezi uliingia katikati ya jua ukabakisha pete ya nuru kwa muda wa kama dakika tatu. Kusini-magharibi ya hapo iko wilaya ya Rungwe na mji wake Tukuyu, ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg. Nchi ya mvua, chai na migomba, chini ya mlima wenye kimo cha karibu mita 3,000. Huko nako jua lilifunikwa sehemu yake kubwa.

Wakati kama huo watu huinua macho juu, na ajabu iko chini. Kila kitundu baina ya majani ya mti hupitisha sura ya jua ikatua ardhini. Siku zote sura hizo ni viduara, nasi twavikanyaga bila ya kufikiri. Jua likipatwa, hugeuka hilali mamia kwa mamia.

Aliyeichunguza siri hii kwa ilimu ni Al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 965 na kufariki Cairo mnamo 1040. Katika risala yake juu ya sura ya kusufi alibainisha yakuwa nuru ya jua lililopatwa, ikipita katika tundu jembamba, huchora hilali iliyopinduka ukutani. Tundu likipanuliwa, hilali hupotea. Kamera zetu zote zimesimama juu ya msingi huo.

Na kabla yake tulikwisha fundishwa kutoogopa. Mwaka wa 10 Hijria jua lilipatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.). Watu wakasema limepatwa kwa msiba ule. Baba mwenye huzuni angeweza kunyamaza, maneno yale yakawa fakhari kwa nyumba yake. Bali aliyakanusha, akaamrisha sala. Basi vipi leo tunawatisha watoto kwa hadithi za mikosi?

Enyi wazazi, tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote juu ya Luxor, Jeddah na Makka, na huku pwani yetu litapatwa sehemu. Msiwaache watoto kulikodolea macho, kwani miale yake huunguza ndani ya jicho pasina maumivu, na jicho likifa halirudi. Chukueni kadi, mtoboe kwa pini, mlipe jua mgongo, na nuru itue juu ya kadi ya pili. Salini kwanza, kisha waonyesheni hilali ile, na muwatajie jina la Ibn al-Haytham.

Wabillahi taufiq.