Karatasi za watumwa Waislamu wa Bahia

Mtafiti wa historia ya Waislamu katika mabara ya Amerika hukabiliwa na tatizo kubwa: wengi wa Waislamu wa mwanzo walifikishwa huko wakiwa watumwa, na habari zao ziliandikwa na waliowamiliki. Mjini Salvador, jimbo la Bahia nchini Brazil, zimesalia karatasi chache zilizoandikwa na watumwa wenyewe, kwa hati ya Kiarabu.

Polisi walizinasa baada ya uasi wa usiku wa kuamkia Januari 25, 1835, katika siku za mwisho za Ramadhani. Waasi walikuwa wazaliwa wa Afrika, watumwa na walioachwa huru, hasa Wayoruba na Wahausa. Waislamu miongoni mwao waliitwa Wamale, jina lenye asili ya Kiyoruba. Walinuia kuanza alfajiri ya Jumapili, wakati watu wengi wangekuwa kwenye sikukuu ya kanisa huko Bonfim. Siri ikavuja, askari wakavamia nyumba moja, na vita vikazuka kabla ya wakati. Yakadiriwa kuwa watu 600 walishiriki. Zaidi ya 70 waliuawa. Mzee Pacifico Licutan, aliyeheshimiwa sana na Wamale, hakupata hata nafasi ya kupigana: alizuiliwa gerezani kwa sababu ya madeni ya bwana wake, kama mali ya kupigwa mnada. Wenzake walijaribu kumtoa wakashindwa.

Mahakamani, karatasi yenye Kiarabu ilitosha kumtia mtu mashakani. Wanne walipigwa risasi Mei 14, 1835; wengine walichapwa mamia ya viboko, na wengi wakarudishwa Afrika kwa nguvu.

Je, karatasi hizo zilisema nini? Zilizosomwa na wataalamu baadaye zina aya za Kurani, dua, hirizi za kuvaliwa shingoni, na mazoezi ya wanafunzi waliokuwa wakijifunza kuandika. Aliyepitia chuo cha Kurani hapa pwani atayafahamu mara moja mazoezi ya aina hiyo.

Waandishi wa awali waliuita uasi huo jihadi. João José Reis, katika kitabu chake cha mwaka 1986, alitilia shaka maelezo hayo, akionyesha kwamba wasiokuwa Waislamu walishiriki pia na kwamba udugu wa Wayoruba ulikuwa na uzito wake. Hoja yake ina nguvu, ingawa bila madarasa ya siri ya Wamale ni vigumu kuona vipi mpango huo ungeandaliwa.