Kipimo cha Baruti

Marehemu mjomba wangu wa Kisaki alikuwa na gobore, na kipimo chake cha baruti kilikuwa kipande cha mwanzi. Alikijaza mpaka ukingoni, akapangusa juu kwa kidole, akamimina baruti mtutuni na kushindilia. Ndipo akatia goroli, na mwisho fataki. Sisi watoto tulikatazwa kumsemesha wakati huo. Mwaka mmoja nguruwe walipomaliza mihogo, alijaza mwanzi mara mbili ili goroli ifike mbali. Mtutu ulipasuka. Tangu siku hiyo alishika jembe kwa vidole vitatu vya mkono wa kushoto.

Nimemkumbuka hivi karibuni niliposoma habari za walenga shabaha wa mashindano huko Ulaya na Marekani, ambao hujipakilia risasi wenyewe. Huchukua ganda lililokwisha kutumika, wakang'oa fataki ya zamani, wakalirudisha ganda katika umbo lake, kisha wakapima baruti kwa mizani hata kufikia sehemu ya kumi ya punje. Na punje yenyewe haifiki gramu 0.07! Kichwa cha risasi nacho hukazwa kwa kina kilekile kila mara. Baruti ikizidi katika ganda moja na kupungua katika jingine, mwendo wa risasi hutofautiana, na kwa shabaha ya mbali moja hupiga juu na nyingine chini. Mjomba hakuwa na mizani, lakini jambo hilo alilijua, ila ile siku moja.

Sasa msomaji wangu asidhani kwamba kazi hii ya mikono ni ya wageni tu. Imepata kufanyika hapa nchini kwa wingi wa kutisha. Mwezi Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, iliyojifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg, ilipenya mpaka ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Manowari ya Kiingereza Hyacinth ikaipiga mizinga, ikazama kwenye maji machache. Wajerumani waliopoa shehena: bunduki mpya na risasi mamilioni. Lakini maji ya chumvi yalikuwa yameingia, na kila wiki risasi zilizogoma ziliongezeka.

Ikabidi zifumuliwe zote. Jenerali von Lettow-Vorbeck, katika kumbukumbu zake zilizochapwa 1920, ameeleza kwamba huko Moshi askari, na kila mtu mwenye ufundi aliyepatikana, walifanya kazi hiyo miezi kadhaa, asubuhi hadi jioni: kuchomoa vichwa, kusafisha baruti, kubadili baadhi ya fataki, kufunga tena. Risasi nzima zilizobaki ziliwekewa bunduki za rashasha. Zile zilizofungwa upya, kama hazikugoma zaidi ya moja katika tano hivi, zilipelekwa vitani. Mbovu zaidi zilikuwa za mazoezi.

Moja katika tano! Mlenga shabaha wa leo angezitupa zote. Askari wa Moshi alizibeba kiunoni, akijua ya tano huenda ikanyamaza wakati adui yuko mbele. Hata hivyo nyingine walikuwa bado na bunduki za mwaka 1871, ambazo moshi wa baruti yake huonyesha mpigaji alipojificha.

Jeshi hilo lililotegemea shehena ya Rubens ndilo lililorudi nyuma kupitia Uluguru mpaka Kisaki, na tarehe 7 na 8 Septemba 1916 likawarudisha nyuma Waafrika Kusini wa majenerali Brits na Nussey, kabla ya kuihama Kisaki siku chache baadaye. Vitabu vimetuhifadhia jina la nahodha wa Rubens, Christiansen. Vimetuhifadhia na la Selous, mwindaji aliyepigwa risasi Beho Beho, si mbali na hapa, tarehe 4 Januari 1917. Jina la hata mmoja wa wale waliokaa Moshi wakipima baruti sijaliona, nami nimefundisha historia miaka zaidi ya thelathini, ya mwisho nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu.

Nilipokuwa mwalimu kijana Kisaki, mwanafunzi aliniletea kitu alichokilima shambani kwao. Nilimwambia akiweke chini taratibu, kisha nikatuma mtu kwa polisi. Tulipokuwa tukingoja nilikitazama. Ilikuwa risasi ya bunduki, imeota kutu ya kijani. Fataki ilikuwa na kishimo katikati, alama ya kupigwa na pini, na kichwa kilikuwa bado mahali pake.