Maneno ya Pancha: Historia Fupi ya Istilahi za Fundi Baiskeli

Mtu atokaye Singida mjini kwenda Sepuka kwa baiskeli hupita katika nchi kavu yenye migunga na mbigiri. Mwiba mmoja hutosha kumteremsha. Huko Sepuka, ambayo sasa imo katika Wilaya ya Ikungi, wengi huzungumza Kinyaturu nyumbani kwao, lakini Kiswahili ndicho kimkutanishacho fundi na mpita njia. Msafiri husema, "Nimepata pancha," na kazi huanza. Makala haya yanakusudia kueleza yalikotoka maneno ya kazi hiyo, na funzo wanaloweza kulipata wasanifu wa istilahi.

Mpira

Neno la kwanza ni la zamani kuliko baiskeli yenyewe. Kabla ya tairi lolote kufika kwetu, mpira ulikuwa jina la mtambaa wa porini utoao utomvu mweupe. Katika robo ya mwisho ya karne ya 19 utomvu huo uligandishwa na kuchukuliwa pwani, Kilwa na kwingineko, kisha ukasafirishwa ng'ambo kwa njia ya Unguja. Baadaye Wajerumani walipanda miti ya mpira katika mashamba makubwa, mpaka bei ilipoanguka mwaka 1913. Kwa hiyo mpira uliondoka kwetu ukiwa utomvu, ukaturudia ukiwa gurudumu.

Katika safari hiyo ulipitia mikono mingi. R. W. Thomson alipata hataza ya gurudumu la hewa huko Uingereza mwaka 1845, lakini halikuenea. Mwaka 1888 J. B. Dunlop, tabibu wa mifugo mjini Belfast, alilizua upya kwa ajili ya baiskeli. Tairi lake lilifungwa imara gurudumuni, hata kuziba tundu moja ilikuwa kazi kubwa. Ndugu wawili wa Ufaransa, Michelin, walitoa mwaka 1891 tairi liwezalo kufunguliwa. Tangu hapo mpira wa ndani ukaweza kutolewa, kuzibwa na kurudishwa njiani.

Sasa ikazuka haja ya maneno mawili. "Mpira" ulikuwa umekwisha kubeba mti, utomvu, kitu cha kuchezea na vingine vingi. "Mpira wa ndani" na "mpira wa nje" yanaeleweka, lakini ni marefu kwa mtu mwenye spana mkononi. Ndipo tairi na tyubu yakashika nafasi. Yaliingia kwa sababu palikuwa na pengo, wala si kwa kupenda ugeni. Kisha yakatii sarufi yetu: tairi limechakaa, matairi yamechakaa, tyubu imetoboka.

Majina ya kukopa, vitenzi vyetu

Na tumtazame fundi kazini. Huipindua baiskeli, hulegeza nati, huchomoa gurudumu. Hulibandua tairi ukingoni mwa rimu, huitoa tyubu, huijaza na kuizamisha katika karai la maji. Mapovu yakitokea, tundu limejulikana. Huikausha, huikwangua kwa msasa, huipaka solusheni, huingoja ikauke kidogo, ndipo abandike kiraka na kukigandamiza. Kabla ya kuirudisha hupapasa ndani ya tairi kwa vidole, kwani mwiba ulioachwa humo utaitoboa tena kabla msafiri hajafika mbali.

Msomaji ataona kwamba nati, rimu, tyubu na solusheni zimekopwa, lakini kupindua, kuchomoa, kubandua, kukwangua, kupaka na kuziba ni vitenzi vyetu vya siku zote. Hata baadhi ya majina yalikuwa tayari nyumbani. Msasa ni mti ambao majani yake makavu na yenye kukwaruza yalitumiwa na mafundi seremala kulainishia mbao. Karatasi ya dukani ilipokuja, ilirithi jina. Kiraka kilikuwa cha nguo kabla hakijawa cha mpira. Hakuna kamati iliyokaa kuyaamua hayo.

Upepo na hewa

Yako mahali ambapo shule na karakana hazisemi neno moja. Mwanafunzi hufundishwa kuwa upepo ni hewa iendayo, na kuwa msukumo katika eneo huitwa kanieneo, neno lililoundwa vizuri kwa kani na eneo. Akitoka darasani humsikia fundi akisema, "Tia upepo." Fundi hubonyeza tairi kwa kidole gumba na kusema limejaa. Je, amekosea? La hasha. Anayo maana ya kanieneo kidoleni, ila hana neno lake. Mwanafunzi naye ana neno, na huenda hajapata kubonyeza tairi. Hasara ni ya wote wawili, maana kila mmoja amebaki na nusu ya elimu.

Baiskeli za mashindano huongeza haja hiyo. Tairi lake ni jembamba na hujazwa kwa kanieneo kubwa zaidi. Mwendeshaji hubeba tyubu ya akiba, huibadili ile iliyotoboka na kuendelea. Huko ni kubadili tyubu. Kwa fundi wetu desturi ni kuziba pancha. Istilahi mbili hizi zisichanganywe, kwani kila moja ina kazi na gharama yake.

Hitimisho

Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lilikabidhiwa kazi ya kukuza lugha nchini kote. Hapana budi ukuzaji huo uanzie pia chini ya mti wa fundi. Anayesanifu istilahi za ufundi aketi kwanza kando ya karai, asikilize, aandike, kisha aunde yale tu yanayopungua. Neno kanieneo na lipelekwe karakanani, na neno kiraka lipewe nafasi yake kitabuni. Istilahi isiyopita mkononi mwa mtumiaji ni kama kiraka kilichobandikwa juu ya vumbi: hakichelewi kubanduka.